Pampu ya maji inapanda inashuka, nikiweka choki nusu ndio inatulia. Nianzie wapi?

NyarKano (Ahero)

Habari zenu wakuu. Niko huku Ahero, nalima nyanya na sukuma karibu na mto Nyando na maji navuta na pampu ya petroli ya inchi 2, ile yenye injini ya kichina ya 6.5hp iliyofanana na GX160 ya Honda mpaka rangi. Mvua ya masika ilipoanza mwezi wa tatu niliisukuma stoo vile ilikuwa, petroli ndani ya tangi, na sikuigusa tena mpaka wiki iliyopita vile jua limeanza kuchoma miche.

Sasa shida ni hii. Nikivuta kamba mara saba nane inawaka, lakini nikitoa choki inaanza kupanda na kushuka, inanguruma juu alafu inalegea kama inataka kuzima alafu inaruka tena, hivyo hivyo bila kupumzika. Nikirudisha choki nusu inatulia kabisa. Lakini ikiwa na choki nusu maji yanatoka kidogo na haina nguvu, mwisho wa paipu yanafika kama ya mtu anakojoa, samahani kwa lugha.

Niliipeleka kwa fundi mmoja, hakufungua kitu, akazungusha skrubu mbili za kabureta na kuvuta ile springi ndefu ya juu, akaniambia imepona, nikalipa 1,500. Pale kwake ilinguruma vizuri. Kufika shamba, nikaunganisha paipu, ikarudi kule kule, na sasa ata inapiga kelele ya juu kuliko zamani mpaka naogopa kusimama karibu. Nina miche 2,000 ya nyanya imeshaingia shambani na sina pesa ya kununua kabureta mpya kwa kubahatisha. Kuna mtu anaweza kunieleza nianzie wapi? Spana ninazo, na mkono si mwoga.

Boda_Kondele

Dada hapo ni hewa na mafuta tu. Kwa kabureta kuna skrubu ndogo ya pembeni, fungulia nusu raundi, sikiliza, ongeza kidogo mpaka itulie. Mimi pikipiki yangu ikianza hizo mambo nafanya hivyo na naendelea na kazi.

FundiKibuye (Kisumu)

Nyar Kano, tafadhali usizungushe skrubu yoyote tena kwanza. Boda_Kondele nakuheshimu lakini hapo unamwambia aongeze chumvi na sufuria ina shimo.

Hiyo choki imeshakupa jibu, ni vile hakuna mtu ameisikiliza. Kazi ya choki ni kuziba hewa. Ukiziba hewa na injini ikatulia, maana yake petroli inayofika ni kidogo kuliko hewa. Ingekuwa petroli ndio imezidi, ukiweka choki ingekohoa, itoe moshi mweusi na izime. Kwa hivyo yako imekosa chakula. Na injini iliyolala miezi na petroli ndani ya kabureta ikikosa chakula, mara tisa kwa kumi ni jeti imeziba, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta.

Na huko kupanda na kushuka, governa, ile inayoshika kasi ya injini, haina kosa, inafanya kazi yake. Iko hivi: petroli ikipungua injini inalegea, governa inasikia imelegea inafungua kipepeo cha kabureta, kipepeo kikifunguka jeti kubwa inaanza kutoa petroli injini inaruka, governa inaona imeruka inafunga, jeti kubwa inanyamaza na ile jeti ndogo ya chini haina kitu cha kutoa, inalegea tena. Ndio hiyo kelele. Sasa huyo aliyekuvutia springi amekaza kifaa kizima kwa sababu ya kifaa kichafu, na hiyo ni hatari ya kweli. Hizi injini zikiwa hazina mzigo zinafaa kuishia kama mizunguko 3,850 kwa dakika, ukizidisha sana konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini, hapo hakuna cha kutengeneza. Angalia ule mkono wa governa, una mashimo kadhaa, na shimo ambalo springi ilikuwa limekaa miaka linakuwa na alama ya kung'aa pale chuma kilikuwa kinasugua. Rudisha hapo. Kama alikunja springi yenyewe, nunua ingine.

Baadaye mwaga petroli yote ya tangi. Yote. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika, na wewe yako imekaa masika mzima. Funga koki ya petroli. Chini ya koki kuna kikombe kidogo, kifungue na spana namba 10, utapata maji na mchanga, safisha.

Sasa jeti ndogo. Watu wengi hawajui kwamba kwa hizi injini unaweza kuitoa bila kushusha kabureta. Angalia juu ya kabureta, kuna skrubu ya slo, ile ya kupandisha mngurumo injini ikiwa imepumzika. Kabla ya kuitoa, hesabu raundi ngapi mpaka itoke na uandike kwa karatasi. Ikitoka, chini yake kuna kitu cheusi cha plastiki kina raba ya duara, ndio jeti ndogo. Ichokoe na bisibisi ndogo taratibu, usiivunje. Iinue uelekeze kwa jua, uangalie ndani. Ukiona nukta ya mwangaza iko wazi. Usipoona, umepata mgonjwa.

Kuizibua usitumie sindano wala waya ya breki. Hizo ni chuma, zinapanua tundu, na likishapanuka kidogo tu hiyo jeti imekuwa ya injini ingine. Chukua waya laini wa stima, ule wa nyuzi nyingi wa ekstenshoni, chomoa unyuzi mmoja wa kopa, huo unapita bila kukwaruza. Alafu sprei ya kabureta, alafu upepo. Kama hauna kompresa nenda kwa watu wa pancha, wanapuliza na shilingi ishirini.

Na kwa sababu ata ukifungua mafuta yote haina nguvu, nadhani jeti kubwa pia imeguswa. Hiyo iko chini. Fungua bolti ya katikati ya kibakuli, namba 10, weka kopo chini. Kibakuli kikishuka utaona floti, lile boya la petroli, na katikati nguzo ya shaba. Ndani ya nguzo kuna jeti kubwa, tumia bisibisi bapa inayojaa ule mfereji, usitumie nyembamba ikikwaruza shaba hutaitoa. Jeti ikitoka, gonga kidogo na mpini, kuna kijiti cha shaba chenye matundu mengi madogo kitaanguka nyuma yake. Hicho ndicho watu husahau. Kila tundu la hicho kijiti liwe wazi.

Piga picha na simu kabla ya kila kitu. Sitaki urudi hapa ukiniuliza hii raba ilikuwa wapi.

Mkulima_Molo

Mzee FundiKibuye amesema yote. Mimi naongeza tu jambo moja maana najua kuna mtu atamwambia ni mambo ya mwinuko. Mimi pampu yangu kama hiyo niliinunua Kisumu nikaileta huku Molo, na shida yangu ilikuwa kinyume kabisa, moshi mweusi, plagi imekuwa nyeusi kama sufuria ya makaa kila baada ya siku mbili, na petroli inaisha vibaya. Kisumu ni kama mita 1,130, huku kwetu tunakaribia 2,500. Hewa ya huku ni nyepesi lakini jeti inamwaga petroli ya Kisumu. Kitabu kilichokuja na injini kiliandika kwamba ukifanya kazi juu ya mita 1,500 saa zote, badilisha jeti, na kwamba nguvu inapungua asilimia 3.5 hivi kwa kila mita 300 unazopanda, ata ukiitengeneza namna gani. Nilitafuta jeti kubwa ya namba moja chini, moshi ukaisha.

Kwa hivyo mwinuko unaleta petroli nyingi. Yeye petroli yake ni kidogo na yuko chini Ahero, hiyo si sababu. Na nikishuka Kisumu na hii pampu na jeti yangu ndogo, itakosa chakula kama yake na ichemke, kwa hivyo ile jeti ya zamani nimeifunga kwa karatasi ndani ya boksi la spana.

Bahati_Shamba (Nakuru)

Dada pia angalia unanunua petroli wapi. Mimi nilisafisha kabureta mara tatu kwa mwezi mmoja nikidhani ni mkono wangu mbaya, kumbe ni petroli ya chupa nilikuwa nachukua kando ya barabara nikiona kituo ni mbali. Imechanganywa na mafuta ya taa. 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ndio watu waache kuchanganya, lakini ya chupa huwezi jua imetoka wapi. Chukua karatasi nyeupe, dondosha tone moja, ngoja. Petroli safi inakauka inaenda yote. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta na harufu inabaki. Tangu hapo naenda kituoni na mtungi wangu na sijafungua kabureta tena.

NyarKano

Asanteni sana, mzee FundiKibuye Mungu akubariki, umenieleza kama unanishika mkono. Naandika hii nikiwa na mikono ya petroli.

Springi nimerudisha. Ile alama ya kung'aa iko kabisa, alikuwa ameihamisha mashimo mawili. Kelele ile ya kuogofya imeisha hapo hapo.

Kikombe cha chini ya koki kilikuwa na maji karibu nusu, na kitu kama udongo mwekundu. Nimeitoa jeti ndogo, kijana wangu wa darasa la sita akanishikia tochi ya simu upande ule mwingine na mimi nikaangalia ndani, giza tupu. Nimezibua na unyuzi wa kopa, nimepuliza, sasa naona kinukta cha mwanga kidogo kabisa mpaka nilipiga kelele.

Kibakuli ndio kilinitisha. Chini kulikuwa na kitu cha rangi ya chai ya rangi, kizito, kinanata kama gundi, kinanuka vanishi, na pembeni unga mweupe umeshika chuma. Kijiti cha matundu nimekipata, matundu manne yalikuwa yamezibwa kabisa.

Sasa nina maswali mawili. Huo unga mweupe nikwangue na kisu? Na ile skrubu ingine ya pembeni, ile fundi alizungusha, sijui ilikuwa raundi ngapi, naipeleka wapi?

FundiKibuye

Umefanya kazi safi mama. Wengi ningewaeleza hayo na wangeniletea kabureta ndani ya karatasi ya nailoni.

Unga mweupe ni maji yamekula aluminiamu. Usitumie kisu. Sugua na mswaki wa zamani na petroli safi, kama kuna mahali pamebaki tumia kipande cha mti. Ukiangalia chuma cha chini na kimekuwa na vishimo vidogo si neno, bora kisiwe kimetoboka. Angalia pia ile sindano ya floti, ile ncha ya raba. Ikiwa na mkunjo wa duara imechoka, itaacha petroli imwagike.

Skrubu ya pembeni. Mara nyingi ina kofia ya plastiki inayozuia isizunguke sana, kwako sijui kama bado ipo. Kama ipo, iweke katikati ya pale inaweza kufika, usihangaike. Kama imevunjwa, ifunge taratibu mpaka iguse tu. Nasema iguse, usikaze, ncha yake ni nyembamba kama penseli na ukiikaza inaacha kidonda kwa kiti chake na hiyo kabureta haitakaa itulie tena. Ikigusa, ifungue raundi mbili. Hapo ni pa kuanzia.

Alafu washa, acha ipate joto dakika tano hivi, choki yote imetoka. Shusha lever ya mafuta, ile ya kasi, mpaka chini kabisa. Sasa zungusha hiyo skrubu ya pembeni robo robo, ndani, nje, mpaka usikie mahali ambapo mngurumo ni wa juu zaidi na laini zaidi, iache hapo. Kwa kabureta yako ukiifungua nje unaongeza petroli. Boda_Kondele hapo ndio tofauti na pikipiki nyingine, kuna zile skrubu yake iko upande wa kichungi cha hewa, hiyo inapima hewa, ukifungua nje unapunguza petroli. Ya upande wa injini inapima mchanganyiko. Angalia iko upande gani kabla hujazungusha. Mwisho rudi kwa skrubu ya slo, ipunguze mpaka injini inguruma chini bila kutetemeka, ni kama mizunguko 1,400, hauna kipimo lakini ikinguruma chini na haizimi umefika. Fungua lever ghafla. Ikipanda bila kukohoa, umemaliza.

Kama baada ya yote bado inapanda na kushuka, nyunyiza sprei ya kabureta kidogo pale kabureta inaungana na injini, ikiwa ya moto uwe mwangalifu na silensa. Mngurumo ukibadilika kuna gasketi inaingiza hewa. Kati ya injini na kabureta kuna gasketi, alafu kile kipande cheusi kigumu, alafu gasketi ingine. Kila moja irudi upande wake, kuna tundu zinafaa kulingana.

Boda_Kondele

Mzee asante, hiyo ya upande wa skrubu sikuwahi elezwa na nimekuwa na pikipiki miaka sita. Dada pole kwa ushauri wangu wa haraka.

Msitu_Kakamega

Mzee nisaidie na mimi, nisianzishe swali lingine. Pawa soo yangu imeandikwa L na H kwa skrubu mbili. Ikikata mti mgumu inalegea. Nifungulie H?

FundiKibuye

Hiyo ni dunia nyingine, kabureta yake haina floti, ina ngozi ya raba inayovuta petroli ata ukiigeuza kichwa chini. Kabla ya skrubu, safisha kichungi cha hewa na ubadilishe kichujio kilicho mwisho wa mpira ndani ya tangi, hicho ndicho huziba. Ngozi ikiwa ngumu kama karatasi, nunua nyingine.

Nyingi mahali pa kuanzia ni raundi moja nje kwa L na moja kwa H, lakini kitabu cha saw yako kikisema tofauti fuata kitabu. Tengeneza L kwanza. Na H usiifunge ndani sana ukitafuta kasi, nakuomba. Oili ya hiyo injini inakuja ndani ya petroli, ukipunguza petroli umepunguza oili, pistoni inaungua siku moja. Ikiwa kasi yote inalia kavu na kali sana imekosa petroli, fungua H kidogo mpaka sauti iwe nzito kidogo, ukianza kukata inakuwa safi.

NyarKano

Nimerudi na habari.

Kofia ya plastiki haikuwepo, kwa hivyo nimefanya vile umesema, gusa, raundi mbili, alafu robo robo. Mahali pazuri palikuwa raundi mbili na robo hivi. Nimeweka petroli mpya lita mbili ya kituoni, na nimefanya ile ya tone kwa karatasi Bahati_Shamba, imekauka yote. Imewaka kwa kamba ya pili. Kamba ya pili! Nimetoa choki nikangoja ianze ule wimbo wake, haijaanza.

Plagi nilikuwa nimesafisha na kupima mwanya milimita 0.7, baada ya masaa mawili ya kuvuta maji nimeitoa, rangi ni kahawia kama biskuti. Kabla ya kazi yote ilikuwa nyeupe nyeupe.

Paipu ni ile ile, mita 60, na maji yamefika mstari wa mwisho kabisa wa nyanya, kule kwa mwembe, yanasukuma mpaka yanachimba udongo ikabidi nifunike mdomo na gunia. Jirani amekuja kusimama kwa kijia anaangalia tu, yeye pampu yake pia imelala tangu masika na kesho ananiletea tufungue pamoja.

Kitu kimoja kimebaki. Nikizima na kuacha koki wazi, baada ya nusu saa kuna tone chini ya kibakuli, kidogo. Nikifunga koki hakuna.

FundiKibuye

Hiyo ni sindano ya floti ama ile raba ya duara ya kibakuli. Panguza kibakuli kikavu, fungua koki, angalia tone linaanzia wapi. Likianzia kwa mshono, ni raba ya kibakuli. Likitoka upande wa kichungi cha hewa ama kwa kile kimpira kidogo cha hewa, ni sindano. Mpaka ubadilishe, funga koki kila ukizima, na usilale hapo, petroli ikiingia kwa injini inachanganyika na oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli badilisha oili kabla ya kuwasha tena, ni kama nusu lita na kidogo tu.

Na ukimaliza msimu, funga koki ukiwa injini inanguruma, iache ile petroli ya ndani mpaka izime yenyewe, alafu fungua bolti ya chini ya kibakuli umwage kilichobaki. Dakika tano.

NyarKano

Oili nimenusa, iko sawa. Tone linaanzia kwa mshono upande wa nyuma. Raba nitatafuta kesho asubuhi nikipeleka sukuma soko, nabeba ile ya zamani kwa mfuko ndio nilinganishe.